Staili za dokumenti: templeti, Organizer, makro ya Word au LibreOffice? Chagua kulingana na faili linakoenda

Juzi nimeletewa tasnifu ya kurasa 164 kwenye fleshi, mwenyewe anaitaka Ijumaa. Nikaifungua kwenye Word, nikabonyeza Alt+Ctrl+Shift+S dirisha la staili (yaani fomati zilizopewa majina: fonti, ukubwa, nafasi) likatokea pembeni, nikaanza kushuka nalo taratibu. Heading 1 ipo, Heading 1 + 14 pt ipo, kuna Mwili, Mwili 1, Mwili Mpya, Style1 mpaka Style9, na nyingine zimetoka kwenye ripoti ya mradi wa maji ambayo huyu kijana alikopi aya mbili tu akazipesti sura ya pili. Yaani aya mbili zimekuja na ukoo mzima. Halafu jedwali la yaliyomo linaonyesha sura tatu kati ya tano, kwa sababu vichwa vya sura mbili zilizobaki vimekolezwa wino kwa mkono tu, Word haijui kama ni vichwa.

Kazi ya kupanga tasnifu na ripoti za watu ndo inayonilisha, na swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile, nitumie njia gani kuzitawala staili zangu? Njia ambazo mi nazitumia kweli ni nne: templeti (faili la mfano lenye staili tayari), Organizer ya Word, makro za VBA (amri unazoziandika Word izitekeleze yenyewe, VBA ndo lugha yake), na LibreOffice Writer na makro zake. Zote zinafanya kazi, ila kila moja ina mahali pake na ukiikosea mahali utalia. Kabla hujachagua jiulize kitu kimoja tu, faili likitoka kwako linaenda kwa nani? Kwa supavaiza mwenye Word ya ofisini? Kwenye kiwanda cha uchapaji kama PDF? Kwa wenzako watano ambao nao wataandika humo humo? Jibu la hapo linaamua mambo mengi kuliko ujuzi wako wa kompyuta.

Tuanze na templeti maana ndo rahisi na ndo watu wanairuka. Kama unaanza kuandika leo, ukurasa mweupe, huna haja ya makro hata moja. Fungua faili tupu, rekebisha Heading 1 hadi Heading 3, Body Text, Caption, Quote, weka fonti na nafasi ambazo chuo chako kinataka, sevu kama .dotx, aina ya faili la templeti, basi. Ukilibofya mara mbili hilo faili linakufungulia dokumenti mpya yenye staili zako zote na lenyewe linabaki salama. Hapa nasisitiza jambo moja wakuu, usibuni staili mpya pale ambapo Word tayari inayo. Kichwa cha sura kiwe Heading 1 iliyorekebishwa, sio staili yako uliyoiita Kichwa Kikubwa, maana jedwali la yaliyomo na dirisha la kupitia sura vinazitambua Heading zenyewe bila kuuliza, na ukija na majina yako inabidi uvielekeze kwa mkono. Staili ya kubuni iwe kwa kitu ambacho hakina mwenzake kwa kweli, kwa mfano maneno ya mhojiwa kwenye utafiti wa mahojiano, hapo tengeneza yako ipe jina linaloeleweka.

Udhaifu wa templeti ni kwamba haimfuati mtoto. Ukibadilisha .dotx kesho, dokumenti ulizozitengeneza jana zinabaki zilivyokuwa. Kuna kisanduku kinaitwa Automatically update document styles, kiko kwenye Developer halafu Document Template (hiyo Developer mwanzoni huwa haionekani, unaiwasha kwenye File, Options, Customize Ribbon), ukikitiki basi kila faili likifunguliwa linachukua sura ya templeti yake. Wengi wakikiona wanafurahi. Mi nasema kiogope. Kama faili limeshikizwa kwenye Normal.dotm, templeti ya msingi ya Word yenyewe, na hicho kisanduku kina tiki, likifunguliwa kwenye mashine ya mtu mwingine linachukua sura ya Normal ya mashine ile, sio ya kwako. Nimeshuhudia dada mmoja akirudishiwa kazi kwamba hajafuata mwongozo wa fonti, wakati kwake ilikuwa sawa kabisa, na alilia kwa kweli, kumbe ni kitiki tu.

Organizer ni ya kuhamisha staili chache kutoka faili moja kwenda jingine. Unaingia Manage Styles chini ya lile dirisha la staili, unabofya Import/Export, inakuja sehemu mbili, kushoto faili hili kulia faili lile, unachagua na kukopi. Kwa staili tatu nne hakuna njia ya haraka kuliko hii na haihitaji kuandika mstari wowote wa msimbo. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba humo humo unaweza kushika Ctrl ukachagua staili ishirini kwa mpigo na kuzifuta zote. Tatizo lake haikwambii ipi inatumika na ipi haitumiki, na ukifuta staili ya aya ambayo inatumika, zile aya zinaangukia Normal kimya kimya, hupati onyo lolote la kukwambia kurasa ya 87 imeharibika. Kwahiyo Organizer kwa faili safi ndiyo, kwa faili kama lile la kurasa 164 hapana.

Sasa makro za VBA, hapa nitakaa.

Makro kwenye staili ina kazi tatu: kuvalisha, kuhamisha, na kusafisha. Kuvalisha maana yake dokumenti ichukue staili zote za templeti yako, na hiyo ni mstari mmoja tu:

ActiveDocument.CopyStylesFromTemplate "D:\Templeti\Tasnifu.dotx"

Alt+F11 inakufungulia sehemu ya kuandikia, Alt+F8 ya kuendeshea. Huo mstari peke yake umeniokolea masaa mengi sana, maana staili zenye majina yanayofanana zinabadilika sura zote kwa pamoja. Lakini angalia neno hilo, yanayofanana. Mwili Mpya haifanani na Body Text, kwahiyo itabaki kama ilivyo. Ndo inakuja kazi ya pili, kuhamisha:

Sub HamishaStaili()
  Dim r As Range
  For Each r In ActiveDocument.StoryRanges
    With r.Find
      .ClearFormatting
      .Replacement.ClearFormatting
      .Text = ""
      .Replacement.Text = ""
      .Style = "Mwili Mpya"
      .Replacement.Style = ActiveDocument.Styles(wdStyleBodyText)
      .Format = True
      .Execute Replace:=wdReplaceAll
    End With
  Next r
End Sub

Ni kitu kile kile ungekifanya kwa Ctrl+H, ila tofauti kubwa ni hiyo StoryRanges. Kwa Word, maandishi ya katikati ni hadithi moja, tanbihi ni hadithi nyingine, kichwa cha ukurasa nyingine, visanduku vya maandishi nyingine. Makro nyingi unazozidaunlodi zinaandika ActiveDocument.Content, na hiyo inagusa maandishi ya katikati tu, unaona kazi imeisha, unaprinti, tanbihi zote bado ziko kwenye fonti ya zamani. Na kama faili lina seksheni nyingi zenye vichwa tofauti vya ukurasa, itabidi uongeze NextStoryRange ndani yake ili ifike mpaka seksheni ya mwisho, maana huo mzunguko unashika ya kwanza tu ya kila aina.

Hilo wdStyleBodyText nalo lina sababu yake. Niliwahi kupokea ripoti kutoka Bujumbura, Word yao ni ya Kifaransa, kwenye mashine yao Heading 1 inaonekana kama Titre 1. Makro inayotafuta staili kwa jina lililoandikwa inaweza kukwama kwenye mashine yenye lugha nyingine, ila ukitumia wdStyleHeading1 na ndugu zake Word inajua unaongelea nini kwa lugha yoyote. Kama una wateja Burundi au Kongo zoea hivyo tangu mwanzo.

Kazi ya tatu, kusafisha, ndo yenye mitego. Mtego mkubwa unaitwa InUse. Mtu anasoma kwamba kila staili ina sifa ya InUse, anaandika makro ya kufuta kila staili ambayo InUse yake ni uongo, anaendesha, hakuna kinachofutika. Sababu ni kwamba InUse haimaanishi kuna maandishi yanayoitumia, staili yoyote uliyoibuni mwenyewe inahesabika InUse kwa sababu tu ipo kwenye faili. Kujua kama inatumika kweli lazima uitafute kwa Find kwenye kila hadithi, na isipopatikana popote ndipo uifute. Mtego wa pili ni kuhesabu kwenda mbele, ukifuta namba 5 ile ya 6 inakuwa 5 na unairuka, kwahiyo hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo, For i = ActiveDocument.Styles.Count To 1 Step -1. Mtego wa tatu ni ukoo: staili inaweza isitumike na aya yoyote lakini nyingine nne zimerithi kwake, ukiifuta hizo nne zinapoteza zilichorithi. Angalia BaseStyle za wenzake (staili wanayorithi kwake) kabla ya kufuta. Na weka sharti la BuiltIn ili usizigombanie zile za Word yenyewe, zile hazifutiki.

Halafu kuna fomati za mkono. Kuhamisha staili hakuondoi wino uliokolezwa kwa mkono, na watu wanaweka kwenye makro Font.Reset, amri ya kufuta fomati za mkono za herufi, kwa dokumenti nzima ili kumaliza udhia. Tafadhali usifanye hivyo kwa tasnifu. Ile ya juzi ni ya kilimo, ya mahindi, Zea mays imelazwa (italiki) kila mahali kama inavyotakiwa, na kwenye marejeo majina ya majarida yamelazwa vile vile. Font.Reset ya dokumenti nzima ingesimamisha yote, na kuyatafuta moja moja ni siku mbili. Mi kwanza nayapa maneno yote yaliyolazwa staili ya herufi, Emphasis inatosha, ndipo nasafisha kwa Selection.ClearCharacterDirectFormatting, maana kwa hiyo staili ya herufi inabaki wakati ulazo wa mkono unaondoka.

Ubaya wa VBA nje ya msimbo wenyewe ni mambo ya usalama. Virusi vya makro ni vya zamani, Concept ilikuwa 1995, Melissa 1999 ikasambaa kwa imeili kupitia faili la Word, na tangu 2022 Microsoft wamefunga kabisa makro kwenye mafaili yaliyotoka intaneti, mpaka uende kwenye Properties za faili utiki Unblock. Na .docx haibebi makro kabisa, lazima iwe .docm au .dotm. Kwahiyo ukimtumia mteja .docm, ama mashine ya ofisi yao itaikataa, ama atashtuka na onyo jekundu akuone mtu mbaya. Ushauri wangu hapa hauna kona: makro ikae kwako, isikae kwenye dokumenti. Iweke kwenye .dotm yako ndani ya folda ya STARTUP ya Word, endesha ukiwa kwako, mtumie mtu .docx safi. Hajui na hana haja ya kujua. Simu nayo haiendeshi VBA, wala Word ya kwenye brauza, kama kazi zako unazifanyia huko njia hii isahau.

Kitu kingine, misimbo yako ya makro ifanyie bakap nje. Fundi mmoja aliniwekea Windows upya bila kuuliza, dokumenti zangu zikapona maana zilikuwa D, lakini Normal.dotm iko C ndani ya AppData na makro za miaka mitatu zilikuwa humo. Zimeenda. Sa hivi kila moduli naibofya kulia, Export File, naipata .bas ambayo ni maandishi tu, nakala iko kwenye fleshi na nyingine nimejitumia kwa imeili.

LibreOffice Writer. Hii naipenda na sioni aibu kusema, kwa habari ya staili peke yake Writer imepangwa vizuri kuliko Word. F11 inafungua staili pembeni, na zimegawanywa kwa familia: aya, herufi, fremu, ukurasa, orodha, jedwali. Hiyo ya ukurasa Word haina. Kurasa za mwanzo zenye namba za Kirumi, kurasa za ndani zenye namba za kawaida, ukurasa uliolala kwa ajili ya jedwali pana, kila kimoja ni staili yenye jina, wakati kwenye Word unahangaika na seksheni na kile kiungo cha Link to Previous ambacho kimewaliza wanafunzi wengi mno. Tena tangu toleo la 7.6 la 2023 kuna kitu kinaitwa Spotlight, unatiki tu na kila aya inapata rangi na namba ya staili yake pembeni ya ukurasa, unaona uchafu wote kwa macho bila kuandika makro ya kukagua. Na ni bure, kwenye Windows, Linux na Mac.

Kuvalisha staili kutoka kwenye templeti huhitaji hata makro, iko kwenye menyu ya Styles, Load Styles from Template. Ila ukitaka ya kubonyeza mara moja kwa mafaili mengi:

Sub PakiaStaili
  Dim a(0) As New com.sun.star.beans.PropertyValue
  a(0).Name = "OverwriteStyles"
  a(0).Value = True
  ThisComponent.StyleFamilies.loadStylesFromURL(ConvertToURL("D:\Templeti\Tasnifu.ott"), a())
End Sub

Unaona tofauti, Word mstari mmoja, huku minne na majina marefu. Kujifunza Basic ya LibreOffice ni kugumu zaidi, mifano mtandaoni ni michache, na kirekodi cha makro kimezimwa mpaka ukiwashe kwenye Tools, Options, Advanced. Majina nayo yanachanganya, staili unayoiona kwenye skrini kama Default Paragraph Style ndani ya makro inaitwa Standard, usipojua hilo utakesha. Lakini faida ni kwamba majina ya ndani hayabadiliki hata ukibadilisha lugha ya programu, ile shida ya Bujumbura huku haipo, na kama unajua Python unaweza kuandika makro kwa Python. Faili la .odt pia linaweza kubeba makro ndani yake bila kubadilisha aina.

Usitegemee tu kuhamisha makro zako za Word kuja huku. Msimbo wa VBA wa Word unaogusa staili huku andika upya, usipoteze wiki kujaribu kuulazimisha.

Na hapa ndo lile swali la mwanzo linarudi. Kama mwisho wa kazi ni PDF, kitabu, jarida la kikundi, mwongozo wa kanisa au msikiti, na wewe ndo mwenye faili mwanzo mpaka mwisho, nenda LibreOffice bila wasiwasi, anza na templeti .ott na makro moja hiyo ya kupakia. Lakini kama faili litaenda kwa supavaiza likarudi na maoni likaenda tena, mara nne mara tano, na yeye anatumia Word, baki Word. Zile staili za ukurasa nzuri za Writer zikisevwa .docx zinageuzwa kuwa seksheni, na kila safari ya kwenda na kurudi mi nimekuwa nikikuta kitu kimesogea, leo namba za ukurasa, kesho nafasi ya orodha. Kwa barua ya kurasa mbili sio shida, kwa tasnifu ni mateso.

Mkiwa kikundi mnaoandika pamoja, hata makro haitawasaidia sana kwa sababu utasafisha leo kesho mwenzako anapesti tena kutoka kwenye wavuti. Hapo zuia mlangoni: Review, Restrict Editing, tiki Limit formatting to a selection of styles, chagua staili zenu kumi, weka nywila. Pia waambie kila mmoja kwenye Options, Advanced, abadilishe upesti kutoka kwa dokumenti nyingine na programu nyingine uwe wa maandishi matupu.

Google Docs sijaisahau. Inayo Apps Script, njia yake ya kuandika makro, na unaweza kubadilisha sura ya vichwa vyake kwa setHeadingAttributes, ila haikuruhusu kubuni staili yako na kuipa jina, unabaki na Normal text, Title, Subtitle na Heading 1 hadi 6. Kuandikia pamoja hakuna kama hiyo. Kwa kupanga kazi ya mwisho, mi huwa naishusha .docx namalizia kwenye Word.

Ile tasnifu ya mahindi ilikuwa inarudi kwa supavaiza, kwahiyo ilikuwa Word na VBA. Nilitengeneza nakala kwanza, nikayafunga maneno yaliyolazwa kwa Emphasis, nikavalisha templeti, nikahamisha Mwili zote tatu na zile Style1 mpaka Style9 kwenda kwenye staili zinazostahili, na hapo hakuna makro inayojua kama Style4 ilikuwa nukuu au maelezo ya picha, nilisoma moja moja na ndiyo iliyochukua muda. Makro ya kusafisha nikaiendesha mwisho kabisa. Vile vichwa vya sura mbili nikavipa Heading 1 kwa mkono, nikabofya jedwali la yaliyomo nikabonyeza F9, zikatoka sura tano. Alhamisi jioni nikamrudishia .docx isiyo na makro hata moja, na .dotx pembeni yake kwenye fleshi hiyo hiyo.